Emile Coué, Muuza Dawa Aliyetaka Watoto Walelewe kwa Minong'ono

Tangu mwaka 2001 sheria za Kenya zimemwondolea mwalimu fimbo mkononi, na tangu hapo walimu wa shule za msingi za Nakuru, Njoro, Molo na Gilgil, kama wenzao wa nchi nzima, wameachiwa swali ambalo si dogo: mtoto mkaidi, mvivu au mwongo atatengenezwa kwa kitu gani? Mtaala ulioanza kutandazwa nchini kote mwaka 2019 umetaja maadili ambayo mtoto hana budi kuyapata shuleni, kama vile upendo, heshima, uwajibikaji, umoja, amani na uadilifu. Kutaja ni rahisi. Tabia haimwingii mtoto kwa sababu imeandikwa katika kitabu cha serikali. Sisi tuliosoma vyuoni huku pwani tunakumbuka jinsi mzazi alivyomkabidhi mwalimu mwanawe kwa sharti kwamba nyama ni ya mwalimu na mifupa ni ya mzazi, na walimu wetu waliitumia barabara haki yao ya nyama. Baadhi yetu tulitengenea. Wengine walichotoka nacho chuoni ni kovu na chuki ya kitabu.

Kwa hivyo si vibaya leo tukavuka bahari, tukasimulia maisha ya bwana mmoja wa Kifaransa aliyeishi na kufa akiamini kwamba tabia ya mtoto hujengwa kwa neno la upole, likarudiwa mara nyingi, na kwa wakati wake. Jina lake ni Emile Coué, na wenyewe hulitamka Kuwe. Hakuwa mwalimu, wala hakuwa daktari. Alikuwa muuza dawa.

Alizaliwa tarehe 26 Februari 1857 katika mji wa Troyes, ulioko kusini mashariki ya Paris. Baba yake alikuwa mtumishi wa reli, mtu wa kipato kidogo. Na wakazi wa Nakuru, mji ulioanzwa na reli ilipofika mwaka 1900, wanajua jinsi maisha ya nyumba ya mtu wa reli yanavyohesabiwa senti kwa senti. Kijana Coué alipenda sana elimu ya kemia, lakini elimu hiyo ilitaka miaka mingi na fedha nyingi, na baba akamshauri achukue ufamasia, kazi ambayo ingempatia chakula upesi. Alikwenda Paris akasoma, akarejea Troyes, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 akawa na duka lake la dawa.

Huko dukani ndiko alikojifunza somo lake la kwanza, na halikutoka katika kitabu. Aligundua kwamba akimpa mgonjwa chupa ya dawa kimya kimya, matokeo huwa ya namna moja. Na akimpa chupa ile ile huku akiisifu, akimwambia kuwa dawa hii ni ya kuaminika na kwamba bila shaka atapata nafuu, matokeo huwa bora zaidi. Dawa ni moja, kipimo ni kimoja, ila neno lililoandamana nayo ni jingine. Waganga wa tiba leo wanalijua sana jambo hilo, na dawa nyingi mpya hulinganishwa na kidonge kitupu kisichokuwa na dawa ndani yake kabla ya kupitishwa. Lakini zama zile muuza dawa wa mji mdogo aliyelitazama jambo hilo kwa makini alikuwa mtu wa nadra.

Mwaka 1884 alimwoa Bi Lucie Lemoine wa mji wa Nancy, na ndoa hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango. Nancy wakati huo ilikuwa na mzee mmoja daktari aitwaye Ambroise Liébeault, aliyewatibu wanavijiji kwa hipnosisi, yaani kumlaza mtu usingizi kwa maneno na kumwamrisha angali katika hali hiyo. Mzee huyu aliwapa wagonjwa wake hiari: anayetaka dawa alipe, na anayetaka kulazwa kwa maneno atibiwe bure. Profesa Hippolyte Bernheim wa chuo cha utabibu cha mji huo alikwenda kumchunguza, naye akatoka mwanafunzi wake. Coué alikutana na Liébeault mwaka 1885, na tangu siku ile duka la dawa likawa dogo machoni pake.

Hapa inatupasa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo watoto wanapoingia katika kisa hiki. Katika miaka hiyo hiyo ya 1880 walitokea Wafaransa waliojiuliza: ikiwa mgonjwa aliyelazwa kwa maneno aweza kuamrishwa aache maumivu, mtoto aliyelazwa vivyo hivyo aweza kuamrishwa aache wizi? Daktari Edgar Bérillon wa Paris alilijaribu jambo hilo kwa watoto waliokuwa na mazoea mabaya, waliotafuna kucha, waliokojoa kitandani, waliodokoa. Mwanafalsafa Jean-Marie Guyau, aliyefariki mwaka 1888 akiwa kijana wa miaka 33, aliacha kitabu kuhusu malezi kilichochapishwa mwaka uliofuata, na ndani yake akaeleza kwamba malezi yote kwa hakika ni namna ya kulipanda neno katika nafsi ya mtoto. Watu wengine walitishika, na ni haki yao. Mtoto anayeacha wizi kwa kuwa ameamrishwa usingizini ameacha wizi, ama amegeuzwa mtambo tu? Na leo akiamrishwa na mtu mwema, kesho je?

Coué alijaribu kulaza watu kama alivyoona Nancy, akashindwa, akaliacha jambo hilo kwa miaka. Mwaka 1901 alipata kutoka Marekani mafunzo ya hipnosisi yaliyouzwa kwa njia ya posta, akajaribu tena, na safari hii akafaulu. Wengine wangesimama hapo na kutengeneza mali. Yeye aliendelea kutazama. Akaona kuna watu hawalaliki kabisa, na bado wanapata nafuu; na kuna wengine wanaolala fofofo na kutoka vile vile walivyoingia. Akaamua kuwa usingizi haukuwa na kazi kubwa. Neno la mganga halifanyi lolote mpaka mgonjwa mwenyewe amelipokea na kujisemesha nalo ndani ya nafsi yake. Basi akaiacha hipnosisi, akashika kule kujisemesha.

Fundisho lake lilisimama juu ya nguzo moja. Alisema kuwa mwanadamu ana azma na ana dhana, na kwamba vitu viwili hivyo vikigombana, dhana hushinda kila mara. Alitoa mfano wa ubao. Weka ubao mrefu, wenye upana wa futi moja, chini kwenye nyasi za uwanja wa Afraha, na kila mtoto wa Nakuru ataupita akicheka. (Uwanja ni wangu, yeye aliutia ubao wake juu ya minara ya kanisa kubwa.) Kisha uchukue ubao ule ule uutandaze juu ya korongo katika ukingo wa shimo la Menengai, umwambie mtu mzima apite. Miguu ni ile ile, ubao ni ule ule, na azma ya kupita huenda ikawa kubwa zaidi, lakini dhana imekwisha kumwonyesha akianguka, naye hatapita. Vile vile anayejifunza kuendesha baiskeli hulikazia macho jiwe analotaka kuliepuka, na hilo hilo ndilo analoligonga. Na mwanafunzi aliyelijua jibu jana usiku, kadiri anavyojikaza katika chumba cha mtihani ndivyo jibu linavyomkimbia.

Dawa yake ya kila siku ilikuwa nyepesi mpaka watu wakaidharau. Mtu asubuhi akiamka, na usiku kabla ya usingizi kumchukua, afumbe macho na ajiambie mara 20, kwa sauti ambayo masikio yake yenyewe yataisikia, bila kujikaza, kwamba hali yake inazidi kuwa njema siku hadi siku na kwa kila upande. Ili asishughulike na kuhesabu, ashike mkononi uzi wenye mafundo 20. Msomaji Mwislamu akifika hapa atatabasamu, maana uzi ule ni tasbihi ndogo. Wengi wetu tumewaona mabibi zetu wakiivuta tasbihi mpaka usingizi ukawachukua, na hakuna aliyehitaji kuletewa habari hiyo kutoka Nancy.

Mwaka 1910 aliachana na biashara, akahamia Nancy, akafungua mlango wa nyumba yake. Mwaka 1913 akaanzisha na wenzake chama cha elimu ya nafsi cha jimbo la Lorraine. Watu walimiminika, matajiri na mafukara, wakaketi pamoja, naye mzee mfupi, mnene kiasi, mwenye ndevu nyeupe na mzaha mwingi, akapita kwa kila mmoja. Aliwaambia wafumbate vidole vya mikono miwili, kisha wawaze kwa moyo wote kwamba hawawezi kuvifumbua, na vidole vikakataa kufumbuka. Wakibadilisha wazo, vikaachana. Hakutoza fedha. Vita vya mwaka 1914 vilipoukaribia mji wa Nancy hakufunga mlango. Na aliyemshukuru kwa kuponywa alijibiwa kwamba yeye Coué hajaponya mtu hata mmoja maishani mwake, amewafundisha tu kujiponya wenyewe.

Ama kuhusu watoto, mashauri yake yalikuwa mengi, na kwa maoni yangu hayo ndiyo bora kuliko yote aliyoyaacha. Kulikuwa na bibi mmoja, Bi Kauffmant, aliyewashughulikia watoto kwa njia yake hapo Nancy, na Coué mwenyewe aliyaeleza malezi katika mihadhara na maandishi yake. Mtoto, alisema, asiambiwe kabisa kwamba yeye ni mvivu, au mwongo, au si kitu, kwa kuwa neno hilo litapandwa na litaota. Akikosea katika hesabu, asifiwe kwa kile alichopatia kisha aelekezwe. Asitishwe gizani kwa habari za mazimwi. Asisikie watu wakisengenywa nyumbani. Azoeshwe kuamini kuwa kila kazi ina heshima yake. Mzazi asipaze sauti, lakini asiyumbe. Aseme kwa upole jambo ambalo halitabadilika.

Kisha inakuja ile minong'ono. Mtoto akishalala, mzazi aingie chumbani taratibu, asimame umbali wa mita moja hivi kutoka kitandani, na amnong'oneze mara 15 au 20 mambo anayomtakia: siha, usingizi mwema, bidii, utii, adabu. Halafu atoke bila kumwamsha. Na mwalimu wa shule, kila asubuhi kabla ya masomo, awaambie watoto wafumbe macho, awaambie kwa sauti tulivu kwamba watakuwa wapole na wenye adabu kwa wazazi na walimu wao, kwamba watasikiliza, na kwamba kazi itakuwa nyepesi kwao.

Mtu aliyesoma vyuoni ataniuliza: hilo ni jipya? Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya kwamba moyo wa mtoto ni johari safi inayokubali kila nakshi, na kwamba lawama zikizidi mtoto huzizoea na maneno hayamwingii tena moyoni. Katika mlango huo huo amesimulia kisa cha Sahl wa Tustar, aliyefariki mwaka 896. Sahl alikuwa mtoto wa miaka mitatu aliyeamka usiku kumtazama mjomba wake, Muhammad bin Sawwar, akisali. Mjomba akamfundisha kwamba anapojigeuza kitandani, aseme moyoni mara tatu, bila kuutikisa ulimi, kwamba Mungu yuko pamoja naye, Mungu anamtazama, Mungu ni shahidi wake. Baada ya siku chache akamzidishia hadi mara saba kila usiku, kisha hadi mara 11. Sahl akaona utamu wake moyoni. Ndipo mjomba akamwuliza: ambaye Mungu yuko naye, anamtazama na kumshuhudia, atamwasi vipi?

Tazama jinsi visa viwili hivi vinavyofanana: kitandani, usiku, neno lililorudiwa, idadi maalumu, bila ya fimbo. Na tazama vinapoachana. Neno la Coué humrejesha mtu kwa nafsi yake, na la Sahl humpeleka kwa Mola wake. Hata katika nchi za Magharibi baadhi ya watu wa kanisa walimlaumu kwa kulisahau jina la Mungu. Tena, Coué aliidharau mno azma. Al-Ghazali anafundisha kuwa bahili anayetaka kuwa karimu ajilazimishe kutoa, na atoe tena na tena kwa taabu, mpaka kutoa kuwe ndiyo tabia yake. Hapo mimi namfuata Imamu. Mtoto hafundishwi ukweli kwa kufumba macho pekee. Siku moja atavunja kikombe, na itambidi aseme ni yeye.

Lakini kuna jambo ambalo Coué analieleza vizuri kuliko wengi, na jambo hilo limeigharimu Nakuru damu. Miaka ya 1980 watoto wa shule Kenya nzima walisimama mstarini wakatamka kiapo cha utiifu kwa rais na taifa. Rais mwenyewe, Daniel arap Moi, alikuwa mtu wa Bonde la Ufa, na aliwahi kuwa mwalimu Tambach na Kabarnet kabla ya kuingia siasa mwaka 1955. Alijua kuwa neno linalorudiwa na watoto ni jambo zito. Kiapo kilirudiwa, hadi watoto wakakijua kama jina lao. Na mwaka 1992 Molo na Olenguruone zikawaka moto, jirani akamtoa jirani yake. Januari 2008 ikawa zamu ya Nakuru na Naivasha, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa mahema ya watu waliofukuzwa makwao. Umoja ule uliotamkwa mstarini ulikwenda wapi?

Nadhani Coué angejibu kwamba ulimi ulikuwa ukisema jambo moja na dhana ikiona jingine. Kiapo kilisemwa juani, kwa amri, miguu ikiwa imechoka. Nyumbani, jioni, jikoni kwenye moto, na usingizi unaingia, mtoto alisikia kutoka kwa watu anaowapenda kwamba jirani zake ni madoadoa. Hakuna aliyemlazimisha kulirudia neno hilo. Lilisemwa kwa sauti ya chini, na watu wasiojua kuwa wanasomesha. Neno madoadoa liliingizwa na Tume ya Uwiano na Utangamano mwaka 2022 katika orodha ya maneno ya chuki, na ni vyema kufanya hivyo, ila orodha ya tume haifiki jikoni usiku.

Turudi kwa bwana wetu. Mwaka 1920 Charles Baudouin wa Geneva aliandika kitabu juu ya mafunzo ya Nancy, na kikafasiriwa kwa Kiingereza mwaka huo huo. Ghafla muuza dawa akawa mashuhuri wa dunia. Mwaka 1921 alikwenda London, na kumbi zikafurika. Januari 1923 alishuka New York, na magazeti yakamfuata hatua kwa hatua, mengine kwa sifa na mengine kwa kejeli. Vyuo vya jina lake vikafunguliwa. Madaktari wengi hawakumpenda. Walisema anawadanganya wagonjwa mahututi, ingawa yeye alikuwa akiwaambia wasiache tiba ya daktari. Umashuhuri ule ulimdhuru, naona. Neno lililokusudiwa kunong'onwa chumbani likawa wimbo wa mzaha barabarani.

Na elimu ya baadaye imempa haki nusu. Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Simon na Emmons, walipima mawimbi ya ubongo wa watu waliolala, wakaona kwamba aliyelala usingizi wa kweli hajifunzi maneno anayosomewa. Basi mzazi anayenong'ona saa nane za usiku huenda anajisomesha mwenyewe upole, nalo si jambo baya. Mwaka 1968 Rosenthal na Jacobson walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa mwalimu akiaminishwa kwamba watoto fulani watachanua, watoto hao huendelea zaidi. Wataalamu wamebishana sana juu ya ukubwa wa jambo hilo, lakini hawajalitupa. Na mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake wa Kanada waligundua kwamba mtu anayejidharau akiambiwa arudie maneno ya kujisifu, anajisikia vibaya zaidi kuliko mwenzake asiyeyarudia. Hilo lingewafaa sana wanaotaka kuwasimamisha watoto wa darasa la tatu wapige kelele kwamba wao ni washindi. Mtoto aliyekuja shuleni Bondeni bila ya chai haamini.

Pengine mwalimu wa Nakuru mwenye watoto sitini mbele yake aanze na lile lisilohitaji macho kufumbwa: aache kuwaita wajinga. Kisha awape dakika chache za utulivu asubuhi, neno moja fupi ambalo wanaweza kuliamini, na lisiwe neno linalopingana na dini ya nyumbani kwao. Mtoto wetu anayo Bismillahi tayari. Mwalimu asiyekuwa Mwislamu hahitaji kumtafutia nyingine, amwachie tu nafasi ya kuisema kwa utulivu kabla ya kufungua daftari.

Coué aliendelea kusafiri na kuhutubia mpaka nguvu zikamwishia. Alifariki Nancy tarehe 2 Julai 1926, akiwa na umri wa miaka 69, na wadhihaki wake hawakukosa kuuliza ilikuwaje mtu aliyezidi kuwa na hali njema kila siku akafa. Umashuhuri wake ukafifia haraka kuliko ulivyokuja. Katika Kifaransa jina lake limebakia mpaka leo, ila limekuwa msemo: mtu anayejidanganya kwa matumaini huambiwa kwamba anafuata njia ya Coué. Wengi wanaolitamka hivyo hawajui kwamba mwenyewe hakuwa akitoza hata senti.